Dhiraa ya Ukutani

"Huo mkono si dhiraa, ni mwiko!" Bi Mashavu alifoka. "Utoe ukutani, Mama Hoza, kabla sijauvunja ukazidi kuwa mfupi!"

Mama Hoza hakuutoa. Kiwiko alikuwa amekikita kwenye nukta ya mwisho ya kundi la nyumba za jengo, vidole kavinyoosha kuelekea nukta moja iliyokaa peke yake juu kabisa, upande wa kulia, kama bibi harusi aliyesusiwa. Vidole havikuifikia.

"Mfupi au mrefu, shoga, umebaki nje," akasema huku akihema kwa raha. "Basi na aje mwenye mkono mrefu, tuone kama utaokoka."

Akaitwa Mwenyekiti Shekalaghe, ambaye watoto wa jengo walisema huwa anasalimiana na taa za darini. Akakunja mkono wa kanzu, akaulaza juu ya ukuta unaong'aa, kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Kidole nacho kikaishia gizani, nukta iko mbele yake. Watu walioegemea vibaraza vya ghorofa zote wakaguna kwa pamoja.

"Dhiraa na ushei," Mwenyekiti akatangaza. "Nyumba ya Bi Mashavu imejitenga kwa hewa."

"Imejitenga wapi? Nimehama? Nukta yangu iko palepale tangu mwezi wa Rajabu!"

"Macho yetu yamepofuka basi," Mama Hoza akasema, akawageukia watu kama mwimbaji anayetafuta kiitikio. "Nyumba ya mjane na binti zake, wanawake watupu. Sasa hiyo pumzi iliyozidi, shoga, ina ndevu au haina?"

Kicheko kikashuka kutoka ghorofani kama maji ya kuoshea vyombo.

"Ingekuwa na ndevu, ungekwisha kuipigia hodi wewe!"

Kicheko kikageuka upande wa pili, maana watu wa Jengo la Mshikamano hawakuwa na upendeleo. Walimcheka yeyote aliyepigwa. Lakini Mwenyekiti alipoinua kiganja, wote wakanyamaza.

"Sheria ni ileile. Kesho baada ya alasiri mrija wa hewa wa nyumba hiyo unafungwa, na wenyewe wanashuka chini."

Chini. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Vyumba vya chini milango yake haikubana, na vumbi la chokaa lililokuwa likitimka nje mwaka mzima lilipita humo kama mwenye nyumba. Ukisimama kwenye ngazi asubuhi, ungewasikia wa chini wakikohoa.

Kando ya ukuta alisimama Tunu, ufunguo wa programu ukining'inia shingoni. Yeye ndiye aliyeuwasha ukuta kila Jumamosi na yeye ndiye aliyeuzima.

"Tunu, mwanangu," Mwenyekiti akamgeukia, "hesabu za mtambo ziko sawa?"

"Ziko sawa, Mwenyekiti."

Hakusema uongo. Hesabu zilikuwa sawa hadi chembe ya mwisho, na zaidi ya hesabu hakuulizwa. Bi Mashavu akamtazama mara moja tu, akatema mate chini, akapanda ngazi.

*

Chumba cha mtambo kilikuwa nyuma ya ukuta, chenye joto na mngurumo. Tunu alijifungia humo, akaketi mbele ya kioo cha mtambo, akakasirika. Alianza kumkasirikia Mama Hoza, akamalizia kwa kujikasirikia mwenyewe.

Waliohamia jengo hili kwanza, vumbi lilipoufunga mji, waliuchora ukuta kwa rangi ya kopo. Mhimili wa chini ulionyesha hewa safi ambayo kila nyumba imevuta wiki ile. Mhimili wa kusimama ulionyesha hewa chafu iliyorudishwa. Yote miwili ilianzia sifuri na kwenda hadi mwisho wa uwezo wa mrija. Kila nyumba ilibandikiwa nukta yake ya kitambaa. Sheria wakaitunga kwa dhiraa makusudi, ili mtu yeyote mwenye mkono aweze kuihakiki bila kumwita mhandisi: nukta ikijitenga na wenzake kwa dhiraa nzima, nyumba hiyo inaiba hewa au inaoza, na kwa vyovyote ni hatari.

Rangi ikafutwa, ukaja ukuta wa mwanga na programu yake. Sheria ikabaki na dhiraa yake.

Kisha yakaja machujio mapya, hewa za nyumba zikafanana, nukta zikasongamana katikati. Jumamosi zikachacha. Mama Hoza ndiye aliyelalamika kwanza: "Tunakaa hapa jioni nzima kukodolea mavi ya mbuzi! Hebu yatawanye, Tunu, tujue nani ni nani." Wote wakaitikia. Tunu mwenyewe alicheka, kwa sababu na yeye alitaka kujua. Akabonyeza kitufe kilichoandikwa Jitanue.

Ukuta haukuanzia tena sifuri. Ulianzia kwenye nyumba iliyovuta kidogo kuliko zote na kuishia kwenye iliyovuta nyingi kuliko zote, na kila nukta ikapata uwanja wake. Vigelegele vilipigwa! Tangu hapo Jumamosi ikawa tamu kuliko harusi. Nukta ya fulani imepanda: aa, mkwe kahamia. Ya fulani imeshuka: mume hajalala nyumbani. Ikawa mgeni hakaribishwi kula, kwa kuwa pumzi zake zingeanikwa ukutani, na watu waliokuwa wakila sinia moja wakajifunza kuongea mlango ukiwa nusu wazi.

Lakini Jitanue haikuwa mbaya tu, na hapo ndipo pagumu. Siku moja nukta ya Mama Hoza mwenyewe iliteleza upande, upana wa kiganja. Tunu akaiona, wakabomoa ukuta wa nyumba yake, wakakuta bomba la kutolea hewa chafu limezibwa na chokaa. Mjukuu wake alikuwa ameanza kuwa na midomo ya buluu. Kwa kipimo cha zamani asingeona mtu. Mama Hoza alilia siku ile mpaka akalala, na akaamka muumini wa Jitanue.

Tunu akarudisha mihimili kwenye sifuri, kwenye kioo chake tu. Nukta zote zikaporomoka zikawa donge, ya Bi Mashavu katikati yao, haina habari.

"Unarudisha?"

Mwenyekiti Shekalaghe alikuwa mlangoni, ameinama ili apite.

"Naangalia tu. Njoo uone, Mwenyekiti. Kutoka kwake hadi kwa wenzake ni kibaba kimoja cha hewa. Wakati wa rangi, kibaba kilikuwa upana wa ukucha. Leo, wenzake walivyozidi kufanana, ni dhiraa na ushei. Bi Mashavu hajasogea, ukuta ndio uliosogea!"

Mwenyekiti hakuwa mjinga. Akakisogelea kioo.

"Hicho kibaba kipo au hakipo?"

"Kipo."

"Kimetoka wapi?"

Tunu akauzungusha ufunguo shingoni.

"Kimetoka kwa mtu," Mwenyekiti akasema. "Mtu ambaye hakuandikishwa. Kwa hiyo ukuta haujasema uongo. Na wewe huwezi kubadili mizani nyama ikishakuwa juu yake."

"Mizani tuliibadili kitambo! Tukapiga na vigelegele!"

"Basi ulipaswa kusema siku ile, si leo. Nilikupa ufunguo wa kuwasha ukuta, sikukupa wa kuhukumu. Ukibonyeza hicho, utakuwa umechagua wewe, peke yako, nani abaki."

"Na nilipobonyeza kile cha kwanza," Tunu akauliza, sauti ikimpanda, "alichagua nani?"

Mwenyekiti aliinama tena, akatoka.

*

Tunu alipobisha, mlango wa Bi Mashavu ulifunguka upana wa jicho.

"Umekuja kuniongezea pumzi? Nenda, utanifikisha dhiraa ya pili."

"Shikamoo, Bi Mashavu."

"Marahaba hutaipata."

Ndani mtu akakohoa. Hakikuwa kikohozi cha mwanamume. Tunu akachungulia juu ya bega la Bi Mashavu, akamwona mwanamke amekaa kitandani, kanga magotini, mashavu yamebonyea. Alimtambua papo hapo. Nani asingemtambua? Kwa ajili ya huyu, Bi Mashavu aliwahi kurusha nguo za mumewe kutoka ghorofa ya nne, na jengo zima likala habari hiyo kama futari.

"Pili? Si mke mwen—"

Mkono ulimkamata na kumvuta ndani. Mlango ukafungwa.

"Litangaze basi, mpaka mtamboni wasikie!" Bi Mashavu alisema akibana meno. "Tangu tumzike bwana alikuwa analala vyumba vya chini. Mwezi wa Rajabu nilimkuta kwenye ngazi, anatema chokaa. Ningemwandikisha? Kwa mapafu yale Baraza la jengo lingempokea?"

"Lakini wewe na yeye..."

"Mimi na yeye hatupatani mpaka leo! Asubuhi tumegombana juu ya chumvi. Namchukia, Tunu. Namchukia kwa raha zangu, na nataka nimchukie akiwa hai."

"Nami nakuchukia, dada mkubwa," Pili akasema toka kitandani. "Basi tu sauti haipandi."

Hapo Tunu akasema yote. Sifuri, Jitanue, ukucha uliogeuka dhiraa. Alisema harakaharaka, kama mtu anayetapika. Bi Mashavu alimsikiliza bila kupepesa.

"Kwa hiyo ulijua. Mama Hoza kanikitia kiwiko mbele za watu, umati unacheka, na wewe unajua."

"Nilijua."

"Ukaulizwa, ukasema ziko sawa."

"Hesabu zenyewe ziko—"

"Toka."

"Nitarekebisha usiku huuhuu, Bi Mashavu. Hakuna atakayejua."

"Hapo ndipo utakaponiua!" Sasa alipiga kelele kweli, asijali nani anasikia. "Kesho Mama Hoza ataamka aone nukta zimerudi donge, aseme nimekuhonga! Nitaishi humu kama mwizi aliyeponea dirishani? Ulinianika mchana, watu wakiona. Njoo unianue mchana, watu wakiona!"

*

Jumapili baada ya alasiri hapakuwa na nafasi hata ya kuweka kigoda. Fundi wa mirija alikuwa ameshafika na spana yake. Tunu akawasha ukuta, nukta zikatapakaa, ya Bi Mashavu pale juu, peke yake.

"Kabla ya spana, nina neno," akasema.

"Neno la mtambo au la kwako?" Mwenyekiti akauliza.

"La kwangu."

Akageuza ufunguo, akaushika mhimili wa kusimama kwa vidole viwili, akauvuta mpaka sifuri. Kisha ule wa chini. Nukta zikateremka, zikakusanyika, zikawa donge.

"Kamficha!" Mama Hoza akaruka. "Mmeona? Kamficha mchana kweupe!"

"Sikumficha. Hesabu ni zilezile za jana, zisome pale pembeni. Haya, njoo umpime. Lete mkono, Mama Hoza."

Mama Hoza akausogelea ukuta, mkono umeinuka. Akatafuta pa kuweka kiwiko, akakosa.

"Haya ni yale mavi ya mbuzi."

"Ndiyo hayo. Na ndiyo yaliyotungiwa dhiraa. Mkasema yanachosha, mkataka niyatawanye." Akaachia, nukta zikatawanyika tena. "Nikayatawanya. Bi Mashavu akaonekana mwizi, na hajaongeza hata tone tangu Rajabu."

"Inatosha," Mwenyekiti akasema.

"Haijatosha!" Akavuta zaidi, kupita pale palipowahi kuvutwa. Nukta ya Bi Mashavu ikatoka ukutani kabisa, ikapotea. Zilizobaki zikakimbizana kama vifaranga vilivyoona mwewe, na kila moja ikabaki kivyake. "Mwenyekiti, ile pale chini ni yako. Ipime. Ni dhiraa, naiona hapa nilipo. Mama Hoza, hii ni yako, imepita dhiraa. Ni wale kuku wako wa kibarazani. Kuku wote wale wanavuta kibaba chao kama binadamu."

"Kuku wangu wanaingiaje hapa!"

Mtu akacheka, akanyamazishwa kwa kofi la mgongo.

"Unatutisha," Mwenyekiti akasema polepole.

"Sitishi. Navuta kilekile mlichonituma nivute. Nikivuta hivi, anashuka Bi Mashavu. Nikivuta hivi, unashuka wewe. Nikirudisha kule, hashuki mtu, ila hata mjukuu wa Mama Hoza akikata roho hatumwoni. Hakuna mvuto usiochagua! Na mimi nimekuwa nachagua kwa kidole, kila Jumamosi, halafu nyinyi mnapima kwa dhiraa mkidhani ni Mungu kasema."

Kisha Mama Hoza akamjia, uso kwa uso, na safari hii hakuwa akiwachekesha watu.

"Jana ulikuwa wapi?"

Tunu akaugeukia ukuta.

"Nakuuliza! Mkono wangu ulikuwa ukutani. Nimemtukana mwenzangu hadharani, nimemzulia mwanamume, na wewe umesimama palepale na ufunguo wako, kimya kama mtungi. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa."

"Ukiogopa nini?"

"Nisinyang'anywe ufunguo."

Hapo makelele yakapasuka. Mwongo! Mchawi wa nukta! Wengine wakamtaka fundi afanye kazi yake, sheria ni sheria. Wengine wakamfokea Mwenyekiti apimwe na yeye. Mwingine akapaza sauti kwamba yote tisa, mtu wa ziada bado yumo, na ajulikane ni nani.

"Mnamtaka mwanamume wangu?" Sauti ya Bi Mashavu ikatoka kibarazani juu, ikawapita wote. "Ni Pili!"

"Pili gani?" wakauliza.

"Pili mke mwenzangu! Yule mliyeniimbia nyimbo zake mwaka mzima! Nimemleta humu, ananikalia kitanda, na anavuta hewa pungufu ya kuku wa Mama Hoza!"

Sauti ya Mama Hoza ilikuwa ya mtu aliyechomwa.

"Ewe Mashavu! Mke mwenzio umo naye tangu Rajabu, mimi jirani yako mlango kwa mlango, na usiniambie?"

Ilibishaniwa mpaka taa za vibaraza zikawaka zenyewe. Hakuna aliyeshinda vizuri. Fundi alirudisha spana mfukoni, kwa kuwa hakuna aliyekuwa tayari kusema mrija upi ufungwe na kwa kipimo cha nani. Dhiraa ikawekwa kando hadi sheria iandikwe upya kwa vibaba, na mihimili iandikwe tarakimu kubwa ambazo hata aliye ghorofa ya juu atazisoma. Shauri la Pili litasikilizwa Jumamosi. Wapo walioapa kwamba atashuka, na waliapa wakimtazama Bi Mashavu machoni.

Kwa Tunu hapakuwa na mabishano. Mwenyekiti alinyoosha kiganja, naye akavua ufunguo shingoni, akampa. Mwenyekiti akaugeuzageuza, akaonekana hajui pa kuuweka.

Watu wakatawanyika wakimpita kama wanavyopita nguzo. Wale waliofurahi alipowatawanyia nukta, na waliokuwa wakimwita da Tunu, da Tunu, kila Jumamosi, walivuta watoto wao pembeni. Kwenye ngazi, milango ilifungwa mbele yake, mmoja baada ya mwingine, bila kubamizwa. Ingekuwa nafuu ibamizwe.

Wa ghorofa ya nne ulikuwa wazi. Harufu ya samaki wa nazi ilikuwa imejaa kwenye ngazi, na Bi Mashavu kasimama kizingitini, mikono kiunoni.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Kula nini? Nukta?"

Tunu akasimama kwenye ngazi.

"Sijakusamehe," Bi Mashavu akasema.

"Najua."

"Pili naye hajakusamehe. Ni jambo la kwanza kupatana mimi na yeye tangu aolewe."

"Mlango, dada mkubwa!" sauti ya Pili ikatoka ndani, ikafuatwa na kikohozi. "Hewa yote inakwisha!"

Tunu akarudi nyuma hatua moja. "Ana haki. Bi Mashavu, Jumamosi ndiyo shauri lake. Nikiingia, na pumzi zangu zitasomwa pale. Nukta yako itapanda."

"Na ipande! Unadhani uko peke yako? Mama Hoza yumo ndani tangu zamani, ameshika bakuli la bada ya muhogo, anamhoji Pili habari za miaka yote hata mwenzie hapati nafasi ya kukohoa." Akampisha mlangoni, uso bado umekunjamana. "Ingia unawe mikono. Maneno yangu utayapata ukishashiba."